Kabla ya Kununua Intakula Kubwa

Wiki hii tunaiweka kando mada tuliyokuwa tumeiandaa ili tujibu barua ya mama mmoja wa Tanga. Familia yake ina Toyota Hilux ya dizeli, ile yenye turbo na mdomo wa kuvutia hewa juu ya boneti. Kila mwezi gari hilo hupanda Lushoto kumchukua mama mkwe wake na kumleta mjini kwa ajili ya kliniki. Kwa miezi kadhaa sasa, likifika kwenye kona za juu ya Mombo huishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi, na safari moja iliwabidi walisimamishe pembezoni mwa barabara kwa muda, mgonjwa akiwa ndani, ndipo likakubali kuendelea. Fundi amewaambia kuwa intakula imechoka na kwamba dawa yake ni kufunga kubwa zaidi. Kijana mkubwa wa nyumba ameiafiki rai hiyo kwa furaha. Bei iliyotajwa, anasema mama huyo, inakaribia ada ya muhula ya wadogo zake wawili walioko shule ya bweni, na baba wa nyumba, ambaye ni baharia, amemwachia yeye uamuzi. Swali lake ni moja: je, jambo hili ni la lazima?

Jibu letu ni kwamba huenda si la lazima, na kwamba hapana fundi awezaye kusema ni la lazima kabla ya kufanya kazi ya asubuhi moja ambayo gharama yake ni ndogo mno. Wapo wenye utani wanaosema jina la kifaa hiki linajitangaza lenyewe: intakula, yaani itakula. Hula mfuko wa mtu, lakini mara nyingi huula kwa sababu mwenye gari hakuelezwa kifaa hicho hufanya nini. Basi na tuanzie hapo.

Kila aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata moto. Moto huo si wa msuguano pekee. Hewa yenyewe ikishindiliwa hupanda joto. Turbo, ambayo mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, ni pampu ya aina hiyo inayozungushwa na moshi wa injini. Huishindilia hewa ili injini ipate nyingi kuliko ambayo ingeweza kuivuta yenyewe, na palipo na hewa nyingi mafuta mengi huweza kuungua sawasawa. Chukulia hewa ya pwani yenye nyuzi joto 30. Ikishindiliwa hadi shinikizo lake kuwa maradufu, hutoka ndani ya turbo ikiwa imekaribia nyuzi 120. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo ule wingi tulioutafuta unaanza kutuponyoka. Kazi ya intakula ni kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini. Ikishuka kutoka nyuzi 120 hadi 50, kila lita moja ya hewa hupata uzito zaidi kwa asilimia 20 hivi, na turbo haijaongezewa kazi yoyote. Si ajabu kwamba kampuni ya Porsche, ambayo gari lake la 911 Turbo lilitoka mwaka 1975 bila kifaa hiki, ilikifunga chini ya bawa la nyuma mwaka 1978 ilipotaka kuliongezea nguvu.

Intakula ikishindwa kazi, injini ya dizeli hukosa hewa ya kutosha kwa mafuta inayopewa, na mafuta yasiyopata hewa hutoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweusi. Joto ndani ya injini nalo hupanda, na anayeumia kwanza ni turbo yenyewe. Katika injini za petroli, kama zile za Subaru Forester na Impreza zenye turbo ambazo vijana wetu wanazipenda mno, hatari ni nyingine: mchanganyiko wa hewa ya moto na petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Injini hugonga, kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuinusuru, nguvu hupungua, na ikiwa kompyuta hiyo imeshachezewa na mtu asiyejua, pistoni hutoboka.

Sasa, kwa nini jambo hili lijitokeze Lushoto na lisijitokeze katika barabara ya Segera? Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya takriban kilomita 33, na hupanda hadi kwenye mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari hupanda likiwa katika gia ya chini, mguu umekandamiza mafuta, na mwendo ni mdogo kwa sababu ya kona. Hapo mambo mawili yanayopingana hukutana: turbo inafanya kazi kubwa na kutoa hewa ya moto sana, ilhali upepo wa kuipoza intakula ni haba kwa kuwa gari halikimbii. Zaidi ya hayo hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo turbo inabidi ijitahidi zaidi, na upepo unaopita juu ya intakula hubeba joto kidogo. Intakula yenye kasoro ndogo ambayo kwenye barabara tambarare haikuonekana, mlimani husema kweli. Kwa hiyo tunamsadiki mama huyu, na hata fundi wake tunamsadiki kwa nusu: intakula yaweza kweli kuwa haipozi. Tusichokubaliana nacho ni kuruka kutoka hapo hadi kwenye kununua.

Kwa gari la namna yake, mahali pa kwanza pa kutazama ni pale juu ya boneti. Hilux za turbo za lita 3 zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2005, na Prado nyingi za dizeli za miaka hiyo, zina intakula iliyolala juu ya injini, na upepo huingia kwa ule mdomo wa boneti. Baina ya mdomo na intakula pana mpira mnene unaozunguka ili upepo wote ulioingia ushuke kupitia kwenye intakula. Mpira huo ukikosekana, ukikatika au ukinywea kwa uzee, upepo hufanya kama maji yafanyavyo: hufuata njia iliyo rahisi. Vibati vyembamba vya intakula vinaukinza, basi huukwepa na kupita pembeni, ukatokea chini ya gari bila kupoza chochote. Tumeona magari mengi yaliyopigwa rangi upya au kugongwa mbele, yakarudi kutoka gereji yaking'aa, na mpira huo hayumo anayejua ulipo. Umetupwa kwa kudhaniwa kuwa ni pambo.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Kijana wa nyumba achukue chaki, apake juu ya ukingo wa mpira wote kuzunguka, kisha afunge boneti taratibu na kuifungua. Chini ya boneti patakuwa na alama ya chaki. Pale ambapo alama imekatika ndipo upepo unapotorokea. Mpira mpya, au hata sponji ngumu isiyoshika moto iliyokatwa na kugandishwa vizuri, hurudisha kazi ambayo watu huitafuta kwa kununua kifaa kizima. Tunasema kwa yakini kwamba katika magari yenye intakula ya juu hakuna marekebisho yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama haya. (Ipo pia midomo ya boneti ya bandia, inayobandikwa kwa urembo juu ya magari ambayo hayana kitu chochote chini yake. Hiyo haina maudhui na makala haya.)

Ambao intakula yao iko mbele, nyuma ya bampa, nao wana mambo yao. Wengi hufunga vyuma vya kinga, taa za nyongeza na kibao cha namba palepale ambapo upepo ungeingia, kisha hushangaa gari kuchoka. Pembeni mwa intakula huwapo vipande vya plastiki vinavyouelekeza upepo, na chini huwapo kifuniko cha injini. Vyote hivyo huvunjika kwenye matuta au huachwa nje baada ya ajali. Vikikosekana, upepo huzunguka pembeni, na ule wa moto wa chini ya boneti huweza kurudi mbele wakati gari limesimama kwenye foleni. Virudishwe. Visipopatikana madukani, bati jembamba na mkono wa fundi mzuri wa mabodi vinatosha.

Halafu pana uchafu. Barabara zetu za vumbi, wadudu wa usiku, tope la masika na mifuko iliyopeperuka huziba nafasi baina ya vibati. Katika magari mengi intakula ya mbele, kondensa ya kiyoyozi na rejeta hufuatana kama kurasa za kitabu, na taka hukaa katikati ambako jicho halifiki. Uoshaji ni wa maji ya kawaida yenye sabuni, yakimiminwa kutoka upande wa nyuma ili yasukume taka kurudi zilikotoka. Wale vijana wa kuosha magari kwa mashine wasiruhusiwe kuelekeza mdomo wa mashine karibu, kwa sababu vibati ni vya alumini laini na hulala kama majani yaliyokanyagwa. Vikilala, upepo haupiti tena. Vilivyolala huinuliwa kimoja kimoja kwa kitu butu chembamba, kwa subira. Ni kazi nzuri ya kumpa kijana anayedai kuyapenda magari.

Kwa ndani, uchafu wake ni oili. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ya turbo ni jambo la kawaida, kwani mvuke wa oili kutoka kwenye injini huelekezwa huko. Lakini utando ukiwa mnene hufanya kazi ya blanketi, na joto halitoki. Intakula hufunguliwa, ikainamishwa, ikaoshwa ndani kwa sabuni ya kuondolea grisi na maji ya moto, kisha ikaachwa ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mafundi wengi hutumia petroli kwa kazi hii, na sisi tunalikataza jambo hilo, hasa linapofanywa uani ambako watoto wanacheza na jiko la mkaa haliko mbali.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Ikiwa intakula ilipoinamishwa haikutoa matone bali ilimwaga oili ya kujaa kikombe, basi tatizo si kupoza tena. Ama oili imejazwa kupita kiasi, ama bomba la kurejeshea oili kutoka kwenye turbo limeziba, ama turbo imekwisha. Na kwa injini ya dizeli hili ni jambo la hatari, kwa sababu dizeli haihitaji cheche. Oili ile ikivutwa kwa wingi, injini huichoma kama mafuta, ikaanza kunguruma kwa kasi ambayo dereva hakuiomba, na kuzima ufunguo hakusaidii. Likitokea, watu washuke na kwenda mbali mara moja. Gari la gia za mkono huweza kuzimishwa kwa kukanyaga breki kwa nguvu likiwa katika gia ya juu na kuiachia klachi. Injini pia huzima ikinyimwa hewa, lakini mdomo wa kuvutia hewa huzibwa kwa ubao au kitu kigumu bapa. Mkono wa mtu haupelekwi hapo kamwe. Gari lililotoa kikombe cha oili lisipandishwe Lushoto, likiwa na mgonjwa ndani au bila mgonjwa, hadi chanzo kijulikane. Fundi anayependekeza intakula kubwa kwa gari lenye hali hiyo anatibu homa kwa kununua kitanda kipya.

Turejee kwenye moshi mweusi wa mama wa Tanga. Dalili yake inaafiki vilevile na ugonjwa mwingine ulio rahisi zaidi, nao ni kuvuja. Baina ya turbo na injini mna mipira na vibanio kadhaa. Mpira ukipasuka upande wa chini, au kibanio kikilegea, hewa iliyoshindiliwa kwa taabu hutoka nje. Turbo huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia, hewa hutoka ikiwa ya moto zaidi, na injini bado hukosa. Dereva mwenye masikio husikia mluzi au sauti ya kupuliza pale anapokanyaga mafuta. Kila aliyemtazama fundi wa pancha akizamisha mpira ndani ya beseni na kutafuta mapovu anakijua kipimo chake: fundi huziba mdomo wa turbo, hujaza hewa kidogo kutoka kwenye kompresa, pungufu ya shinikizo la tairi, kisha hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kwenye pembe za intakula yenyewe. Panapotoa mapovu ndipo penye kasoro. Kabla ya hapo, afungue chujio la hewa alitazame. Chujio lililojaa vumbi humnyima pumzi mwenye afya, sembuse mgonjwa, na bei yake haimnyimi mtu usingizi.

Baada ya hayo yote ndipo mtu anapokuwa na haki ya kupima kama intakula inapoza au haipozi. Fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu aulizwe joto la hewa inayoingia kwenye injini, na ahakikishe kwamba sensa anayoisoma ni ile iliyo baada ya intakula, kwa kuwa magari mengi yana nyingine karibu na chujio ambayo husoma hewa ya nje tu na itamdanganya. Gari likiwa katika mwendo mzuri wa barabara kuu, joto hilo likizidi la nje kwa nyuzi 10 hadi 20 hali ni njema. Likizidi kwa 40 au zaidi hali upepo unavuma, pana jambo. Asiye na mashine aweza kutumia kipimajoto cha kuelekeza, kile cha mafundi wa umeme na majokofu. Vile tulivyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa maradhi ya korona havifai, vimetengenezwa kwa joto la mwili. Apime bomba linaloingia na bomba linalotoka mara baada ya kupanda. Likiwa la kuingia lina nyuzi 110, la kutoka 50, na nje ni 30, basi katika nyuzi 80 zilizowezekana kuondolewa zimeondolewa 60. Hiyo ni intakula inayostahiki kubaki mahali pake. Mikono isitumike kupima. Mabomba hayo huunguza.

Msomaji ameona tumesema nyuzi zilizowezekana kuondolewa. Intakula inayopozwa kwa upepo, hata iwe kubwa kama mlango, haiwezi kuishusha hewa chini ya joto la nje. Kuna njia moja tu ya kulivuka pazia hilo bila barafu wala mashine, na babu zetu waliijua: mtungi. Maji ya mtungi huwa baridi kwa sababu udongo unavuja kidogo, na maji yanayokauka juu yake huondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto zaidi ya mara saba ya lile linalohitajika kuipasha kutoka nyuzi 30 hadi 100. Watengenezaji wa Subaru Impreza za aina ya STI na Mitsubishi Lancer Evolution walitumia hekima hiyo hiyo, wakaweka tangi dogo la maji na kitufe cha kuinyunyizia intakula. Inafanya kazi. Lakini anayeishi Unguja, Mombasa au Tanga na ajue kwamba mtungi hupoza vizuri zaidi Dodoma kuliko pwani, kwa kuwa hewa ya pwani imeshajaa unyevu na maji hayana haraka ya kukauka. Na maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi inayokula alumini. Kwa gari la familia tunaliona jambo hili kuwa ni la ziada. Anayelitaka atumie maji safi yasiyo na chumvi, na kwa kiasi, kwa umma uliofundishwa kutofanya israfu hata katika maji ya udhu.

Chenye manufaa zaidi kwa intakula iliyolala juu ya injini ni kuikinga na joto la chini. Turbo hufikia joto la kutisha, na ngao ya bati iliyoifunika kiwandani mara nyingi huondolewa na fundi anayeona skrubu zake zinamchelewesha. Irudishwe. Gari likisimama kwenye foleni kwa muda, intakula hunyonya joto la injini, na ndiyo maana gari lililotoka katika foleni huwa zito kwa dakika chache; hilo si ugonjwa. Kwa wanaobeba mizigo mizito milimani kwa mwendo mdogo, feni ndogo ya umeme inayovuta upepo kupitia intakula ina maana, mradi waya zake zifungwe na fundi umeme na ziwe na fyuzi. Kupaka rangi kwa kudhani nyeusi hutoa joto hakuna faida ya kutajwa, na rangi nzito hudhuru.

Imebaki hiyo intakula kubwa. Hatusemi kuwa ni upuuzi. Mwenye kuongeza shinikizo la turbo kuliko la kiwandani, au anayevuta tela zito kila siku, anaihitaji kweli. Lakini ina madhara ambayo wauzaji hawayataji. Hewa ikisafiri katika chombo kikubwa na mabomba marefu, shinikizo hupungua njiani na gari huchelewa kuitikia mguu. Ikifungwa mbele huikinga rejeta na upepo, na mtu aliyetaka kupoza hewa huishia kuchemsha maji. Unene nao hauna faida kama watu wanavyodhani, kwani upepo ukishapita katika sehemu ya mbele umeshapata joto na hauna kikubwa cha kuifanyia ya nyuma. Chenye manufaa ni upana wa uso unaokabili upepo. Na ukubwa wowote ule, ikifungwa chini ya mdomo usio na mpira, upepo utaendelea kuikwepa kama ulivyoikwepa ile ndogo.

Wako wenye magari yaliyotoka kiwandani na intakula inayopozwa kwa maji, kama zilivyokuwa Toyota Celica GT-Four za mwisho. Hao wanatakiwa kujua kwamba maji hayo huwa na njia yake, tangi lake na pampu yake ndogo ya umeme, mbali na ya rejeta. Pampu hiyo ikifa haitoi sauti wala harufu. Gari huchoka tu. Kiwango cha maji na mzunguko wake vikaguliwe kila gari linapofanyiwa matengenezo ya kawaida.

Kwa mama yetu wa Tanga, rai yetu ni kwamba ada ya watoto ilipwe kwanza. Kisha amwite fundi huyohuyo, kwa heshima, kwa sababu huenda alisema kwa kadiri ya elimu yake na si kwa hila, amwombe afanye kazi hizi: chujio, mpira wa boneti, povu la sabuni, kuinamisha intakula na kuiosha, ngao ya turbo. Wapatane ujira wa siku kabla ya kazi kuanza, na amlipe wote hata kama kasoro itaonekana kuwa ni kibanio kimoja, kwani anachokinunua ni ukaguzi wenyewe. Kila kitakachobadilishwa, cha zamani akidai na kuonyeshwa. Kijana awepo tangu mwanzo hadi mwisho, ashike tochi. Halafu gari lipandishwe hadi Soni likiwa na watu wazima pekee na wasome joto wakiwa njiani. Iwapo baada ya yote hayo bomba la kutoka bado ni la moto karibu sawa na la kuingia, basi intakula imeziba kwa ndani au imeharibika, na hapo inunuliwe nyingine ya ukubwa uleule wa kiwandani. Tunamwomba atuandikie alichokikuta. Wiki ijayo, Inshaallah, tutarejea kwenye mada tuliyoiahirisha, ya breki za magari yanayobeba wanafunzi.